Kiboko, Tumbo Lake na Hema la Wawili

Hodi na ngano!

– Karibu nayo!

Nimekuja nayo mbichi!

– Tupikie tule!

Na atakayesinzia?

– Alale na njaa!

Haya, sogeeni. Wewe uliyeegemea mlango, sogea na wewe. Leo nina jambo la kushika kichwa. Mimi siku niliyohadithiwa nilipiga ukelele, jirani akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeona nyoka. Kumbe ni Kiboko tu na vituko vyake. Hebu nisikilizeni.

Hapo kale, huko nyikani, palikuwa na Bwana Digidigi na Bi Digidigi. Mnawajua digidigi? Kiswala kidogo, miguu kama vijiti vya mishikaki, na macho ya mtu aliyeambiwa habari mbaya sasa hivi. Digidigi hawaishi makundi makundi. Wanaishi wawili, mume na mke, mpaka mwisho. Akitoka huyu, yule yuko nyuma. Tiki tiki tiki, tiki tiki tiki.

Bi Digidigi alikuwa na mimba iliyotimia. Na mawingu ya masika yalikwisha kujaa upande wa milimani. Masika yaliyopita alijifungulia chini ya kichaka, mvua ikapiga, kichaka kikavuja, na mtoto hakuiona asubuhi. Basi, nimeshalisema, silisemi tena.

Masika haya Bi Digidigi akamwambia mumewe, "Mume wangu, mimi kichakani sizai. Nataka hema."

"Hema?"

"Hema la turubai. La kututosha sisi wawili, tukae, tulale, tujigeuze."

Unauliza na mtoto je? Mtoto wa digidigi anaenea ndani ya kofia, mwanangu. Usinikatize.

Wakachukua vibuyu vyao viwili vya asali, tiki tiki tiki, mpaka gulioni kwa Fundi Kobe. Kobe ndiye aliyekuwa akishona mahema ya nyika nzima. Msicheke! Nani anayejua habari za nyumba kumshinda Kobe, ambaye hajawahi kutoka ndani ya yake? Walimkuta anapigilia vigingi, ko! ko! ko!

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wanangu. Hema la wangapi?"

"La wawili."

Kobe akaacha nyundo. "La wawili lina sheria yake. Siuzi kwa macho. Wawili wanaingia ndani, wanalala, wanagombana, wananuniana."

"Wanagombana?" Bi Digidigi alishtuka.

"Wanagombana. Mkipendana hata kwenye ganda la yai mtaenea. Siku mkinuniana ndipo nafasi inapoonekana. Kunguru na mkewe niliwauzia bila kuwajaribu. Wiki ya pili wamenirudishia turubai limepasuliwa katikati, kila mmoja kakumbatia nusu yake! Tangu siku hiyo, wawili wanaingia, wanagombana, wanatoka. Wote wakisema mbele ya watu 'Hapa tutakaa,' hema ni lao. Mmoja akisema 'Sikai na huyu,' hema linabaki kwangu. Na jambo la pili: turubai msiliguse kwa ndani. Likiwa kavu halina neno, lakini likilowa mvua, pale linapoguswa ndipo panapovuja."

Bi Digidigi aliposikia panavuja, akajishika tumbo. "Tuonyeshe, fundi."

Kobe akawaonyesha hema la kwanza, la mgongo mmoja, limeinama huku na huku.

Wakaingia. Wakalala. Wakagombana.

"Unakoroma!" akasema mke.

"Na wewe unapiga mateke!" akasema mume.

Wakanuniana. Huyu akageukia huku, yule akageukia kule. Pua ya Bwana Digidigi ikagonga turubai, twa! Na nyuma wakagusana. Jamani, unamnuniaje mtu huku umemwegemea? Wakaanza kucheka, wakatoka.

"Dogo," akasema Bi Digidigi.

Hema la pili lilikuwa pana sana kwa chini, lakini paa lilikuja chini chini.

Wakaingia. Wakalala. Wakagombana.

"Unakula majani yangu!"

"Na wewe unaficha!"

Wakanuniana. Bwana Digidigi akasimama ili anune vizuri, vipembe vyake vikachoma paa, twa! Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba kwa uchungu. Kobe akishtuka ndiyo kawaida yake, kichwa kinaingia.

"Fupi," akasema Bi Digidigi.

Likabaki la tatu. Aisee, hema! Turubai zito, mshono maradufu, nguzo katikati, kuta zimesimama wima, kidirisha cha wavu upande mmoja, na kibaraza cha kukalia mlangoni. Bi Digidigi alipoliona aliacha mdomo wazi.

Wakaingia. Wakalala. Wakagombana.

Sasa hapa shikeni vifua. Maneno ya kugombana ya kubuni yalikuwa yamewaishia. Bi Digidigi akatafuta la kusema, akasema lililokuwapo.

"Kichaka kile ulikichagua wewe."

Gulio zima likageukia hema. Hata nzi walitua.

Bwana Digidigi akasema polepole, "Mimi nilikuuliza, mke wangu. Ukasema hakivuji."

"Nilikuwa na uchungu wa kuzaa! Ungeniuliza nini wakati ule?"

Wakanuniana. Safari hii haikuwa majaribio. Mke akageukia ukutani, mume akageukia dirishani, machozi yanawatoka, na huku nje watu wameshika vinywa. Mama Kanga aliyekuja kuuza mayai yake alisahau hata kuyauza. Mwaka mzima wale wawili hawakuwahi kulitamka neno lile, wakaja kulitamka kwenye hema la watu!

Kisha Bi Digidigi akafuta macho, akatazama. Kati yake na mumewe pangeenea mkeka mzima. Pua yake haikugusa ukuta. Vipembe vya mumewe havikugusa paa. Walinuniana kwa nafasi, na mvua ingekuwa inanyesha, hakuna tone ambalo lingeingia.

Wakatoka nje. Bi Digidigi akasema mbele ya watu, "Hapa tutakaa."

Bwana Digidigi naye akafungua mdomo aseme lake. Akafungua tu.

Dundu! Dundu! Dundu!

Mayai ya Mama Kanga yakaruka kapuni. Vigingi vikatikisika. Nani? Kiboko! Kiboko mwenye mto mzima! Mwenye maji, mwenye matete, mwenye kivuli cha miti kushoto na kulia! Alikuja huku jasho jekundu linamtoka, midomo imening'inia.

"Hema lile," akasema, "ni langu."

Hakuna shikamoo, hakuna hamjambo. Gulio lote likasema, "Haa!"

Kobe akasema kwa upole, "Bwana Kiboko, wewe una mto."

"Mto ni wa kuogea. Hili la kulalia mchana."

"Bwana, kuna hawa wenzako, mama mjamzito, na mvua ile inakuja..."

"Mjamzito kitu gani? Mbona tumbo langu kubwa kuliko lake!"

Astaghfirullah! Mama Kanga alikaa chini palepale. Alikalia mayai.

Kobe akajikaza. "Lakini bwana, hema hili ni la wawili. Na wewe unaishi peke yako. Hakuna anayeweza kukaa na wewe. Samahani lakini."

Kiboko akafikiri. Alifikiri sana mpaka masikio yakacheza. Kisha akacheka, ho! ho! ho!

"Tuko wawili," akasema. "Mimi na tumbo langu."

Wacha wee! Niacheni nipumue. Yaani mtu mzima, mbele ya kadamnasi, anajihesabu yeye na tumbo lake wawili! Nyani aliyekuwa juu ya mti aliachia tawi, akaanguka, pu!

"Tumbo si mtu," akasema Kobe.

"Tumbo langu ni mtu. Ukikataa, nakukalia."

Kobe akaingiza kichwa. Akaingiza na miguu. Ikasikika sauti tu kutoka ndani ya gamba, "Kama bwana anasema ni wawili... basi... ni wawili."

Bwana Digidigi akamshika mkewe. "Twende zetu. Tutatafuta kichaka kingine."

Bi Digidigi akatazama mawingu. Yalikuwa yamevuka milima. Halafu, watu wangu, akatabasamu! Akasogea mbele ya Kiboko, tiki tiki tiki, akapiga goti kwa adabu zote.

"Bwana Kiboko, shikamoo."

"Marahaba, kijiguu."

"Umesema kweli. Nyinyi ni wawili, tena wawili wakubwa. Fundi, mpe haki yake. Ila sheria ni sheria. Sisi tulilala, tukagombana, tukanuniana. Na hawa wawili waingie, walale, wagombane, wanuniane. Kisha wote waseme kama watakaa."

"Hakuna taabu!" akasema Kiboko. "Mimi na tumbo langu hatujagombana tangu nizaliwe. Likitaka, nalipa. Lisipotaka, nalipa vilevile."

Kiboko akaingia. Kikaingia kichwa. Likaingia tumbo. Makalio yakagoma, yakabaki nje, mkia unafukuza nzi. Mishono ikalia, tsiii! Lakini haikuachia.

Kobe akachungulia. "Bwana, hujaenea."

"Nimeenea. Hicho kilichobaki nje ndicho kibaraza."

Kiboko akalala. Tumbo nalo likalala ubavuni pake. Na ilikuwa jua la utosini, na Kiboko tangu asubuhi yuko njiani, hajatia kitu kinywani. Tumbo likasema, Nguruuu!

Bi Digidigi akajipenyeza pembeni, akategesha sikio. "Bwana Tumbo anakuamkia, Bwana Kiboko."

Kiboko akafurahi. "Ehe! Mmesikia? Kumbe lina adabu!"

Nguruuu!

"Anasema yeye atalala upande wa dirishani."

Kiboko akafungua jicho moja. "Upande wa dirishani ni wangu."

Nguru-nguruuu!

"Anasema wewe ulale mlangoni, ufukuze mbu."

"Nani? Mimi?" Kiboko akainua kichwa. "Mwambie hili hema nimelitafuta mimi!"

"Anakusikia, bwana, yuko papo hapo. Mwambie mwenyewe."

Basi Kiboko akainamia tumbo lake. Oneni wenyewe! Mnyama anayepindua mitumbwi, ameinama anagombana na kitovu!

"Wewe! Hema hili nimelitafuta mimi!"

Nguruuuu!

"Anasema," akasema Bi Digidigi, akafunika macho kwa aibu, "ah, bwana, mimi haya siwezi kuyatamka."

"Tamka!"

"Anasema wewe ni mchukuzi wake tu. Kazi yako kumbeba kutoka mtoni kwenda majanini, kutoka majanini kwenda mtoni. Anasema watu hawakuogopi wewe. Wanaogopa ukubwa wake."

Nje watu wakaguna, "Mmh!" Na Kiboko akawasikia wakiguna.

"Mchukuzi!" akapiga kelele. "Mimi mchukuzi! Miaka yote nakulisha mimi! Naamka kwa ajili yako, natembea kwa ajili yako! Leo huli! Umesikia? Huli leo, huli kesho!"

Ngururururuuu! Tumbo lilisikia neno la chakula, likapiga mbinja kabisa, njaa imelishika.

"Haa!" Bi Digidigi akaruka. "Bwana Kiboko, naomba nitoke, haya mambo ya nyumba yenu."

"Limesema nini?"

"Amesema, katika hema hili yeye ndiye mwenye nyumba. Wewe ni mgeni. Na mgeni akae nje."

Lo! Kiboko alinyanyuka, gubu! Alitoka kinyumenyume kama gogo linalovutwa, macho mekundu, akasimama katikati ya gulio akanguruma mpaka majani yakalala:

"SIKAI NA HUYU!"

Kichwa cha Kobe kikatoka polepole. Kikatazama kushoto. Kikatazama kulia. "Mmesikia wote?"

"Tumesikia!" likasema gulio.

"Amesema hakai na mwenzake. Hema linabaki kwangu."

Kiboko akatazama hema, akatazama tumbo, akatazama watu. Ndipo akili ikamfikia. Akili ya Kiboko hutembea kwa miguu. "Ngojeni! Nilikuwa na hasira. Tumepatana! Mimi na tumbo langu tumepatana!"

Nguruuu!

"Bwana Tumbo anasema hamjapatana," akasema Bi Digidigi. "Anasema mtu humwambii hali leo na kesho, halafu ukamwambia tumepatana. Kwanza ale."

"Ale! Ale hata sasa hivi!" Na Kiboko huyo, dundu dundu dundu, mpaka mtoni. Alikula matete ya kushoto. Akala matete ya kulia. Akala na maua ya majini. Akarudi anahema, tumbo limejaa, limekaza ndi!

"Haya," akasema, "amekula. Sasa sema, ndugu yangu. Waambie tumepatana."

Tumbo kimya.

"Sema."

Kimya. Tumbo lililoshiba linasema nini? Linalala usingizi!

"Ndugu yangu, sema basi. Upande wa dirishani nakupa. Mlangoni nitalala mimi. Mbu nitafukuza mimi."

Kimya.

Bi Digidigi akategesha sikio muda mrefu sana. Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni. "Pole, Bwana Kiboko. Amekununia."

Mimi hapa ndipo nilipopiga ule ukelele. Kwa sababu Kiboko alilia! Kiboko, mwenye meno kama vinu, alikaa chini akalikumbatia tumbo lake, analibembeleza, machozi yanadondoka, "Usininunie, sina mwingine." Wale waliokuwa wanacheka wakaacha kucheka. Alijikokota akarudi mtoni, akazama mpaka machoni. Na ndiyo maana hadi leo Kiboko tumbo lake analiweka ndani ya maji. Hataki likisema watu walisikie.

Kobe akageuka. "Bwana Digidigi, nadhani ulikuwa unataka kusema neno."

Bwana Digidigi akamtazama mkewe. "Hapa tutakaa," akasema. Gulio zima lilisikia.

Gudu gudu gudu! Radi. Watu wakakimbia kila mtu kwake. Kobe naye akakimbia, yaani akaingia ndani ya gamba lake. Tone la kwanza likapiga turubai, pwa! La pili, pwa! Halafu mvua yote, pwata pwata pwata pwata!

Na Bi Digidigi akamshika mumewe begani. "Mume wangu," akasema, "uchungu."

Wakaingia. Wakalala. Nje maji yalipita kwa sauti, yakazoa kapu la Mama Kanga, yakazoa vigingi vya Kobe, yakajaza mto hadi ukingoni. Ndani, Bwana Digidigi alizunguka kuta zote nne akitazama juu, anatafuta tone. Akazunguka tena. Akazunguka tena. Alikuwa bado anatafuta tone alipozaliwa mtoto.

Mvua ilinyesha siku ile na usiku ule wote. Asubuhi wakamfunua mtoto kwenye majani makavu. Alipiga chafya moja, chya! Akafungua macho, makubwa kama ya wazazi wake, akaitazama asubuhi kwa mshangao. Mama yake akamlamba uso. Baba yake alitoka akakaa kibarazani akalia peke yake.

Haya. Sasa funzo. Kaeni vizuri maana funzo ndilo watu wanalolipuuza.

Funzo la ngano hii, watoto wangu, ni kwamba uongo ni mbaya sana. Msimdanganye mkubwa, hata kidogo. Msimsemee mtu maneno ambayo hakuyasema. Mdanganyifu siku zote mvua humnyeshea.

– Lakini bibi, Bi Digidigi alidanganya kuanzia mchana mpaka alasiri, na hakulowa!

Nyamaza wewe! Umeniomba funzo, nimekupa funzo. Ulitaka na ukweli ndani yake?

Hapo ndipo nilipoitua ngano yangu. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda anisaidie kuirudisha nyumbani.

– Tumeibeba, bibi!

Ibebeni kwa makini, msiiguse kwa ndani.